Bila Kukusudia: Maneno ya Staha Yanayouzunguka Uongo wa Kisiasa

Tarehe 31 Januari 2022, Ian Blackford, aliyekuwa kiongozi wa wabunge wa chama cha SNP cha Scotland katika Bunge la Uingereza, alisimama na kusema kwamba Waziri Mkuu Boris Johnson amelipotosha Bunge kwa makusudi. Ilikuwa siku ilipotolewa taarifa ya awali ya Sue Gray, mtumishi mwandamizi wa umma aliyepewa kazi ya kuchunguza sherehe zilizofanyika katika ofisi za Waziri Mkuu, Downing Street, wakati wananchi wamezuiwa kukutana kwa sababu ya korona. Spika Lindsay Hoyle alimtaka Blackford afute kauli. Hakumwambia kwamba tuhuma yake haina msingi. Alimwelekeza aseme kwamba Waziri Mkuu alilipotosha Bunge bila kukusudia, na hapo shughuli ingeendelea. Blackford akakataa, akatoka ukumbini Spika akiwa bado anatamka amri ya kumtoa.

Ukikitazama kisa hiki juujuu utasema ni unafiki: anayetaja uongo anatolewa nje, anayetuhumiwa anabaki kitini. Mimi naamini kanuni aliyoisimamia Spika ina maana nzuri na inafaa kulindwa, na kwa sababu hiyohiyo naumia ninapoona inavyotumiwa. Maneno ya staha yanayouzunguka uongo wa kisiasa ni ya aina mbili, nasi tumezoea kuyatia kapu moja. Yapo anayoyatumia mtuhumu ili aendelee kusikilizwa, na yapo anayoyatumia mtuhumiwa ili isijulikane alichofanya. Kwa sura yanafanana. Kwa kazi yanapingana.

Tuanze na ya mtuhumu. Kitabu kikuu cha taratibu za Bunge la Uingereza, kinachoitwa hadi leo kwa jina la mwandishi wake wa kwanza, Erskine May, kilitoka mwaka 1844. Msimamo unaofuatwa ni kwamba mbunge hawezi, mjadala wa jambo jingine ukiendelea, kumtuhumu mwenzake kuwa amesema uongo kwa makusudi. Akitaka kumtuhumu, alete hoja mahususi, iandikwe, ipangiwe muda, ijadiliwe na kupigiwa kura. Sababu inaeleweka vizuri ukikumbuka kinga ya bunge. Jirani akikuita mwongo hadharani unaweza kumpeleka mahakamani, lakini mbunge akikuita hivyo akiwa ukumbini huna pa kumshtaki. Katika Katiba ya Tanzania kinga hiyo iko kwenye Ibara ya 100. Mtu ambaye maneno yake hayafikishwi mahakamani ni haki awekewe mpaka mahali pengine, na staha ya ukumbini ndiyo mpaka wenyewe.

Kwetu hili si jambo geni. Mtu mzima akisimulia jambo ambalo unajua silo, humwambii, "Babu, unasema uongo." Unamwambia, "Babu, labda hukuelezwa vizuri," au "Pengine umechanganya na ule mwaka wa mafuriko, babu." Unampa nafasi ya kurudi kwenye ukweli bila kuvuliwa nguo mbele ya watu. Akiitumia nafasi hiyo, mazungumzo yanaendelea na heshima yake iko palepale. Akiikataa na kushikilia yasiyokuwapo, wazee wenzake watamweka kitako faraghani na kumwambia wanayomwambia. Staha yetu ina sehemu zote mbili, ile ya kumpa mtu nafasi na ile ya kumweka kitako. Ukichukua ya kwanza ukaiacha ya pili, umebaki na kitu kingine kabisa.

Msemo maarufu kuliko yote wa aina hii ni wa Winston Churchill, na wengi wanaounukuu hawajui ulitokea wapi. Tarehe 22 Februari 1906 Churchill alikuwa naibu waziri wa makoloni, kijana wa miaka 31. Chama chake cha Liberal kilikuwa kimetoka kushinda uchaguzi, na moja ya mambo yaliyopamba moto kwenye kampeni ni vibarua wa Kichina katika migodi ya dhahabu ya Transvaal, Afrika Kusini. Kati ya 1904 na 1907 walisafirishwa huko Wachina zaidi ya 60,000 kwa mikataba ya miaka mitatu. Walilazwa katika kambi za migodi, hawakuruhusiwa kutoka bila kibali, walizuiwa kufanya kazi za ufundi na kumiliki ardhi, na ilibainika kwamba baadhi yao walichapwa viboko kinyume cha sheria. Kwenye majukwaa ya kampeni Waliberali waliuita mpango huo utumwa, bila kupepesa macho.

Wakashinda. Mikataba iliyokwisha kusainiwa ikaendelea. Na Churchill, akijibu kwa niaba ya serikali bungeni, akasema mkataba ule huenda usiwe mzuri wala wa kufaa, lakini kuuita utumwa kwa maana kamili ya neno hilo kungekuwa na hatari fulani ya kukosa usahihi wa istilahi.

Tazama alichofanya. Hakumwita mtu yeyote mwongo, ingawa leo msemo wake unatumika hivyo. Alikuwa anajitoa taratibu kwenye neno ambalo wenzake walilitumia kuombea kura, na njia aliyoichagua ni kuligeuza suala la watu kuwa suala la istilahi. Kwangu mimi matumizi hayo ya kwanza ni mazito kuliko yaliyofuata. Maelfu ya watu walikuwa chini ya ardhi wakichimba dhahabu ambayo haikuwa yao, na swali lililokuwa mezani, je, waliahidiwa nini wapiga kura na nini kimefanyika, likawa swali la kamusi. Wakati huo wala baadaye hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba Churchill alisema jambo lisilo kweli. Ndiyo nguvu ya lugha ya namna hii: inaondoka na ukweli huku kila neno lake likiwa salama.

Aina ya pili, ile ya mtuhumiwa, ilipata jina lake Sydney, Novemba 1986. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imekwenda Mahakama Kuu ya jimbo la New South Wales, Australia, kuzuia kitabu cha Peter Wright, ofisa mstaafu wa idara ya ujasusi ya MI5 aliyekuwa amehamia Tasmania. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Sir Robert Armstrong, Katibu wa Baraza la Mawaziri, mtumishi wa juu kabisa katika utumishi wa umma wa Uingereza. Wakili wa upande wa pili alikuwa Malcolm Turnbull, kijana wa miaka 32 ambaye baadaye, kuanzia 2015 hadi 2018, angekuwa Waziri Mkuu wa Australia.

Turnbull alimbana kwa barua moja. Mwaka 1981 Armstrong alikuwa amemwandikia mchapishaji wa London akiomba nakala ya kitabu kingine kuhusu ujasusi kabla hakijatoka, ili Waziri Mkuu aweze kujiandaa kutoa kauli. Barua ilikuwa ya heshima na ilisomeka kama ya mtu asiye na kitabu hicho. Kumbe serikali ilikuwa nacho tayari, ilikipata kwa njia zake. Turnbull akauliza kama barua hiyo ilikuwa na uongo. Armstrong akasema hapana, haikuwa na uongo, ila ilitoa picha ya kupotosha. Tofauti yake nini? Uongo, akajibu Armstrong, ni kusema isiyo kweli moja kwa moja. Turnbull akamrudia: sasa picha ya kupotosha ni nini, ni isiyo kweli iliyopindapinda? Armstrong akasema kwamba, kama alivyowahi kusema mtu mmoja, labda ni kubana matumizi ya ukweli.

Fikra yenyewe ilikuwa ya zamani, imo katika maandishi ya mwanafikra Edmund Burke ya 1796. Lakini ni kizimbani Sydney ilipozaliwa upya, na tangu siku hiyo haijaondoka kwenye siasa za Kiingereza. Machi 1987 Jaji Philip Powell aliamua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza.

Nataka nimtendee haki Armstrong, kwa sababu tofauti aliyoitaja ipo, na sisi tunaochunguza lugha tunaishughulikia kila siku. Mtakatifu Augustino aliandika kuhusu jambo hili karne ya nne na kuweka uzito kwenye nia ya kudanganya. Wataalamu wa leo hutenga kusema jambo lisilo kweli na kusema jambo la kweli kwa namna itakayomfanya msikilizaji aamini lisilo kweli. Chukua mfano huu. Mbunge anauliza kama barabara ya jimboni kwake itakamilika mwaka huu. Waziri anajibu kwamba mkandarasi yuko saiti tangu Machi na serikali imedhamiria. Yote ni kweli, mkandarasi yuko saiti. Analosahau waziri kusema ni kwamba hajalipwa, na greda limezimwa tangu Mei. Mbunge anarudi jimboni na kuwaambia watu barabara inajengwa, nao wanampigia makofi. Hakuna sentensi ya uongo iliyotamkwa, na kijiji kizima kinaamini uongo.

Kati ya marafiki pengine tofauti hiyo ina uzito. Aliyeulizwa ana umri gani na akacheka tu hajatenda sawa na aliyetaja mwaka usio wake. Bungeni hali ni nyingine kabisa, kwa sababu swali la bungeni huulizwa ili watu waamue kuhusu fedha za umma, sheria au vita. Anayejibu anajua msikilizaji ataamua kwa kutegemea anachokielewa. Kama kilichoeleweka ni uongo, uamuzi umejengwa juu ya uongo, hata kama kila neno lilikuwa safi. Kanuni za mawaziri wa Uingereza zenyewe zinalijua hilo: zinasema waziri anayelipotosha Bunge kwa kujua anatarajiwa kujiuzulu. Hazisubiri aseme uongo wa moja kwa moja, kupotosha kunatosha. Na ndicho alichokiri John Profumo, Waziri wa Vita, Juni 1963, alipojiuzulu baada ya kuliambia Bunge mwezi Machi kwamba hakukuwa na jambo lolote lisilofaa kati yake na mwanamke aitwaye Christine Keeler. Utetezi wa Sir Robert ulikuwa wa kizimbani. Kwa kipimo cha ofisi za serikali aliyoitumikia, hautoshi.

Miaka sita baada ya Sydney msemo ule ulirudi mahakamani, na safari hii watu watatu walikuwa hatarini kufungwa. Wakurugenzi wa kampuni ya Matrix Churchill ya Coventry walishtakiwa kwa kuidanganya serikali kuhusu matumizi ya mashine za kuchonga vyuma walizouza Iraq. Utetezi wao ulikuwa kwamba serikali ilijua vizuri mashine hizo zingeweza kutengeneza silaha, na kwamba ofisa wa wizara hakuwa na haja ya kudanganywa kwa jambo alilolifahamu. Mmoja wao, Paul Henderson, alikuwa akiwapa majasusi wa MI6 habari kutoka Iraq. Novemba 1992 Alan Clark, aliyekuwa waziri wa biashara wakati mashine zinauzwa, aliitwa kutoa ushahidi. Wakili Geoffrey Robertson alimuuliza kuhusu kumbukumbu za kikao chake na wenye viwanda vya mashine, zilizosisitiza matumizi ya kawaida ya uhandisi. Clark akakubali kwamba haikuwa hivyo, na kwamba alikuwa amebana matumizi ya ukweli. Badala ya neno la kwao la ukweli alitumia la Kifaransa.

Kesi ikaanguka muda mfupi baadaye. Uchunguzi wa Jaji Richard Scott ulifuata, na ripoti yake ikatoka Februari 1996. Msemo huo leo husimuliwa kama kichekesho, na jambo hilo linanikera. Wanaume watatu walikaa kizimbani wakisubiri jela kwa sababu wakubwa walinyamazia walichokijua. Clark angeulizwa na wakili mwenye makali pungufu kidogo tu kuliko ya Robertson, huenda wangefungwa.

Wamarekani wana mtindo wao. Wao hupenda kuigeuza kauli kuwa kifaa. Tarehe 17 Aprili 1973, kashfa ya Watergate ikizidi kumsogelea Rais Richard Nixon, msemaji wake Ron Ziegler aliwaambia waandishi kwamba kauli mpya ya Rais ndiyo inayofanya kazi, na zile zilizotangulia hazifanyi kazi tena. Miezi ya kukanusha ikazimwa kwa sentensi moja, kana kwamba hakuna aliyekuwa amekanusha. Mwaka 2008 Hillary Clinton alisimulia jinsi alivyotua Tuzla, Bosnia, mwaka 1996 huku wakifyatuliwa risasi na walenga shabaha. Picha za televisheni zikaonyesha akipokewa kwa utulivu na mtoto wa kike. Akasema aliteleza kwenye kusema. Mwaka 2017 Kellyanne Conway, mshauri wa Rais Donald Trump, akitetea madai ya msemaji wa Ikulu ya Marekani kuhusu ukubwa wa umati siku ya kuapishwa, alisema msemaji huyo alitoa taarifa mbadala za ukweli. Mtangazaji Chuck Todd alimkatiza hapohapo kwamba hizo si ukweli, ni mambo ya uongo. Ninamtaja Todd kwa sababu swali la papo kwa papo ndilo linalokosekana mara nyingi, kwao na kwetu.

Kiswahili nacho kina hazina yake. Kijiweni hatuna shida, tunasema kamba, fiksi, changa la macho, mtu katia chumvi, mtu kapiga chuku. Tukivaa suti maneno yanabadilika: nilinukuliwa vibaya, maneno yangu yametolewa nje ya muktadha, suala liko kwenye mchakato, tunalifanyia kazi, ulimi uliteleza. Haya kila msikilizaji wa redio anayajua. Ninachotaka kukionyesha kwa karibu ni kitu kidogo zaidi, kimejificha mwishoni mwa kitenzi.

Sikiliza sentensi hizi: "Takwimu zilichanganywa." "Takwimu zilichanganyika." Ya kwanza ni kauli ya kutendwa, na ndani yake kuna nafasi ya mtu. Ukiisikia unaweza kuuliza mara moja, zilichanganywa na nani? Ya pili ni kauli ya kutendeka. Haina nafasi ya mtu. Huwezi kusema zilichanganyika na mkurugenzi ukimaanisha kwamba mkurugenzi ndiye aliyezichanganya, Kiswahili hakikubali. Kikombe huvunjwa na Juma, lakini kikivunjika kimevunjika chenyewe. Ndiyo maana fedha hupotea, nyaraka huchanika, kumbukumbu huharibika na taarifa huchanganyika. Mwingereza anayetaka kumficha mtenda akisema makosa yalifanywa, bado anaacha mlango wa kuuliza na nani. Sarufi yetu inampa mwanasiasa wetu kitu bora zaidi kwa kazi hiyo. Katika mikutano ya waandishi wa habari swali la nani hufa hivi, na mwandishi mwenyewe huandika kauli hiyo kwenye habari yake bila kugundua kwamba amesaidia.

Neno zito kuliko yote ni kupotosha. Limekaa mahali pazuri kati ya kukosea na kudanganya. "Mheshimiwa Spika, Mheshimiwa Waziri anapotosha" linaweza kusemwa bila mtu kuamriwa afute kauli, kwa sababu halisemi kama alikusudia. Hapo linafanya kazi halali ya staha. Lakini lilikwisha kupanda cheo likaingia kwenye sheria. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya Tanzania yaliyopitishwa 2018 yalifanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zenye lengo la kubatilisha, kupotosha au kudhalilisha takwimu rasmi. Benki ya Dunia ilieleza hadharani wasiwasi wake, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na kifungu hicho kikaondolewa. Kwa muda ule, neno ambalo likielekezwa kwa waziri lilikuwa la adabu, likielekezwa kwa mtafiti lilikuwa la jela. Uzito wa neno ulitegemea linashuka au linapanda.

Kanuni za Kudumu za Bunge la Tanzania, toleo la 2007, zilikuwa na ujasiri ambao London haina. Ziliandika waziwazi kwamba ni marufuku kusema uongo bungeni. Mbunge aliruhusiwa kusimama na kutamka "kuhusu utaratibu", kisha kudai kwamba aliyetangulia kuzungumza amesema uongo. Sharti lake ni kwamba anayedai athibitishe. Kanuni za Bunge la Taifa la Kenya nazo zinamtaka mbunge awajibike kwa usahihi wa jambo analolidai kuwa kweli, na Spika anaweza kumwamuru alithibitishe au aliondoe.

Sharti la kuthibitisha ni la haki, mpaka uulize ushahidi uko kabatini kwa nani. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema, alileta hoja ya kutaka kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London mapema mwaka huo na Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Mikataba ya madini wakati huo ilikuwa siri. Hoja ilikataliwa na mbunge akasimamishwa, kwa madai kwamba yeye ndiye aliyesema uongo dhidi ya waziri. Novemba mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta ya madini, na akamteua Zitto kuwa mmoja wa wajumbe wake. Sina haja ya kuhukumu nani alikuwa sahihi katika kila neno la mjadala ule. Najali kwamba aliyetakiwa kuthibitisha hakuwa na mkataba, na aliyekuwa na mkataba hakutakiwa kuthibitisha chochote.

Turudi London. Staha aliyoisimamia Spika Hoyle ilikuwa na sehemu yake ya pili, na safari ile ilifanya kazi. Polisi walitoza faini 126 kwa sherehe za Downing Street na ofisi za jirani, moja ikiwa ya Johnson mwenyewe, Aprili 2022. Mwezi huohuo Bunge liliipeleka tuhuma ya kupotoshwa kwake kwenye Kamati ya Haki na Kinga. Wajumbe walikuwa saba, wanne kati yao kutoka chama cha Johnson mwenyewe, mwenyekiti akiwa Harriet Harman wa chama cha Labour. Walichukua ushahidi wa maandishi, wakamhoji Johnson hadharani mbele ya kamera kwa saa kadhaa, wakapitia alichoambiwa, na nani, na lini. Tarehe 15 Juni 2023 waliandika kwamba alilipotosha Bunge kwa makusudi, na kwamba kama angekuwa bado mbunge wangependekeza asimamishwe siku 90. Alikuwa amejiuzulu ubunge siku chache kabla, baada ya kuonyeshwa walichokiandika. Bunge lilipitisha ripoti kwa kura 354 dhidi ya 7.

Hivyo karibu miezi kumi na saba baada ya Blackford kutolewa nje kwa kukataa "bila kukusudia", Bunge lenyewe lilisema alikusudia. Wapo wanaoona kwamba hilo linathibitisha upuuzi wa kanuni. Mimi naona kinyume. Spika hakuwa na uwezo wa kujua nia ya Johnson Januari ile, na Blackford naye hakuwa nao. Nia ya mtu hujulikana kwa barua, jumbe za simu na mashahidi, na kazi hiyo inahitaji kamati yenye muda na mamlaka ya kudai nyaraka. Neno la staha lilikuwa linahifadhi kiti mpaka ushahidi ufike. Kosa lingekuwa kama kamati isingeundwa kabisa, kwa sababu "bila kukusudia" lingebaki ndiyo kumbukumbu ya kudumu ya Bunge.

Wakati wa Watergate Seneta Howard Baker aliuliza: Rais alijua nini, na alijua lini? Swali hilo halimwiti mtu mwongo na linaweza kuulizwa kwa heshima zote, na hakuna kauli ya kutendeka inayolijibu. Waziri akisema takwimu zilichanganyika, mwandishi anaweza kumwuliza: "Mheshimiwa, ulijua lini kwamba zimechanganyika, na nani alikuletea?" Ni adabu tupu. Nawaomba wahariri wa magazeti na redio zetu wasiichapishe sentensi ile kabla ya kuuliza hivi, na kama hakujibu, waandike kwamba aliulizwa na hakujibu.

Kuna jambo jingine la Bunge la Uingereza ambalo ni rahisi kuliko kamati na halihitaji kashfa. Waziri akigundua kwamba jibu lake lilikuwa na kosa, hutuma sahihisho likachapishwa kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, katika sehemu maalumu ya masahihisho ya mawaziri: tarehe aliyosema, alichosema, na alichopaswa kusema. Mara nyingi ni tarakimu tu, milioni moja badala ya mbili. Hakuna kuteleza ulimi wala kunukuliwa vibaya. Sisi nasi tuna Hansadi zetu, zinachapishwa na ziko wazi kwa umma, na mawaziri wetu hukosea tarakimu kama wenzao. Bunge linalotaka kuanza na hatua ndogo linaweza kuongeza ukurasa huo mwishoni mwa kila mkutano. Wiki ya kwanza utakuwa mtupu, na wananchi watauliza kwa nini. Waziri wa kwanza atakayeandika humo "nilisema hivi, haikuwa sahihi, takwimu sahihi ni hii" atashangiliwa na wengi kuliko anavyodhani.